Wilf na "Si Mbaya" Yake

Doreen, unajua mume wangu Wilf amemjibu nini nesi wa kwenye simu, huku jasho linamtiririka na mkono umeganda kifuani?

"Si mbaya sana, dada. Nimechoka kidogo tu."

Si mbaya! Hata chai yake hajaigusa!

Nesi naye, asiyemwona, akasema, "Basi babu apumzike, kesho amwone daktari."

Nikampokonya simu. Nikakumbuka lile darasa letu la Kiingereza pale maktaba, mwalimu anavyotudai maneno yenye uhai, yanayoonyesha kitu kinafanya nini.

"Subiri, nesi. Wilf, 'si mbaya' siipokei. Maumivu yanafanyaje?"

"Acha vituko, Edna. Usimsumbue dada wa watu."

"Nimesema yanafanyaje?"

Mwishowe akasema, "Yanabana."

"Yanabana vipi?"

"Yananikamua, kama shuka kwenye kile kikamulio cha nguo cha marehemu mama. Yanashuka mpaka mkono wa kushoto."

Sauti ya nesi ikabadilika palepale. "Mama, fungua mlango. Ambulensi inakuja."

Sasa nipo hospitali, kwenye korido. Wamemwingiza ndani.

Doreen, walipokuwa wanamsukuma alinishika mkono wa sweta. Wilf huyuhuyu, ambaye kwenye mazishi ya mama yake alisema anaendelea vizuri tu.

Akaniambia, "Edna, naogopa. Usiende mbali."