Kabla Hujaipeleka Barua Yako Gazetini

Mke wangu Mwanahawa,

Tu wazima hapa Mchukwi. Bibi yako, mke mwenzio, amekuwekea mchele mpya. Anasema wa huko Dar hauna harufu.

Umeniuliza kama unaweza kuliandikia gazeti jambo ulilolisikia tu. Ujanani niliandika barua kama hiyo, kumlaumu mvushaji wa mtumbwi pale Utete kwamba huwaacha wazee ng'ambo. Nikamsomea bibi yangu, aliyeviona vita vya Maji Maji akiwa msichana.

"Umemwona akiwaacha?" akauliza.

"Nimeambiwa, bibi. Watu wote wanasema."

Akaendelea kupeta mchele, kisha akasema, "Kaka yangu naye aliambiwa risasi zitageuka maji. Watu wote walisema."

Asubuhi nilikwenda mwenyewe kivukoni, nikamkuta yule mvushaji katikati ya tope, amembeba mzee mgongoni. Barua ile sikuituma.

Basi nenda kaone kwanza, mama. Ukishaona, andika, na chini uweke majina yako yote matatu. La tatu ni langu.

Babu yako