Sehemu ya Tatu Ibadilishwe Jina

Buswelu, Jumatano

Baba Precious,

Hatujambo. Precious anaota jino, hashikiki.

Ile jazi yako ya sehemu nne uliyotunga kwa ajili ya tamasha la Bukoba nimeisikiliza kwenye simu. Bendi nzima inanguruma, hongera. Ila sehemu ya tatu umeiita "Noela", eti kwa sababu ndiye mpiga saksafoni. Bagenda, huo ni wimbo wangu wa kumbembelezea mwanao! Ulipoanza, Precious aliacha kulia, akanitazama mdomoni, akashangaa kuona nimeufunga.

Huyo Noela apulize tu, sigombani naye. Lakini jina libadilishe kabla ya Jumamosi. Mtoto wa miezi minane ameutambua wimbo ni wa nani, wewe baba yake umeshindwaje?

Ni mimi wako, wala si mwingine,
Jovitha