Kioo ya Kavira

Siku ya tano, ndiyo Ijumaa, magaribi, Butembo. Jua imepiga tangu asubuhi, vumbi imeingia mpaka mu chumvi.

Niko na woga. Mi mwenye kuchekaka woga ya bengine.

Mujukuu wangu Kavira alienda Beni kuuliza batu maswali ya kitabu yake ya kumaliza masomo. Akaacha ordinatere, mashini yake ya kuandikia, juu ya meza: «Koko, usiiguse.» Hivyo ndivyo batoto ba leo banaongelesha mutu mwenye alizaa mama yao.

Nikaifungua. Ikawaka yenyewe, na kioo ilikuwa chafu, vidole na vumbi. Haya!

Kule Kipese, wakati niko musichana, vioo vya taa vilikuwa kazi yangu: kitambaa ya maji, kisha majivu ya kuchekecha. Hata padri alikuwa anatuma za kwake. Nikasema, kioo ni kioo.

Kitambaa sikuikamua muzuri. Maji ikashuka mu batoni za kuandikia, kioo ikazima. Majivu ilikuwa bado mu kisahani.

Nikafunga mashini mu kitenge, nikapanda pikipiki mpaka Bulengera kwa Kambale, fundi. Mwenye pikipiki akauliza kama mutoto ni mugonjwa. Nikamwambia aangalie njia.

Kambale akauliza: «Koko, nani aliinawisha?»

Nikasema mvua.

«Mvua ya wapi, Koko?» Viatu vyake vilikuwa nyekundu ya vumbi.

Akatoa batiri, akageuza mashini kifudifudi. Akasema ikauke mpaka siku ya yenga, siku ya misa. Mutu akiiwasha mbele ya hapo, ataiua. Kama kitabu itatoka nzima, hajui. Kisha akanifundisha sawa mutoto wa primaire: unazima, unachomoa waya, unapangusa polepole na kitambaa laini yenye kukauka. Alama ikikataa kutoka, unalowesha kitambaa kidogo sana, hapana kioo. Nikamuuliza juu ya majivu, akashika kichwa: ingekwaruza yote.

Kazi ya mwaka muzima iko mule ndani. Ikikufa, Kavira atarudia mwaka, na ni mukono yangu.

Saa kumi Kavira akapiga simu. Anakuja kesho, mashini iko muzima? Nikamugombeza juu ya sweta yenye aliacha: huku usiku kuko baridi, anatembeaka sawa mutu hana kwao.

Kisha nikakata simu.

Kesho nitamungojea ku parking ya magari, nimwambie palepale, mbele ya batu. Nikimuacha afike nyumbani anywe chai, nitakuwa nimeshapata namna ya kusema ni kosa yake.