Kamba Iliyoungua Bila Moto

Shangazi Apolonia, salamu na pole ya kubeba mizigo ya watu usiowajua. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, kila Ijumaa mchana gazeti likifika dukani kwa Paschal hapa Ipililo ukurasa wako unasomwa kwa sauti na hata wasiojua kusoma wanatoa hukumu, nami nimewacheka wenzangu sana, sasa leo zamu yangu imefika na naomba msaada bila kuchekwa.

Shida yenyewe ni ndogo, ni ya kamba. Mimi ni fundi simu, na kwa kushinda na simu za watu nimeangalia mno video za wazungu wanaoishi porini na begi moja, nami nikaandaa begi langu, lina kisu, tochi, turubai, kiberiti nilichokifunga ndani ya kondomu kisilowe, na kamba ya parashuti mita thelathini niliyoinunua Bariadi, nyembamba kama ya kiatu lakini muuzaji aliapa inamning'iniza ng'ombe mzima. Sasa nataka kujua, safari nyingine nibebe hiyo hiyo, au manila, au katani, au ile mipira ya tyubu tunayofungia mizigo kwenye baiskeli, kwa sababu safari iliyopita kamba ilinitia aibu kidogo.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita maksai wawili wa baba mkwe wangu, mzee Mayunga, walipotea, tukapanga kwenda kuwatafuta porini, mimi, yeye na shemeji yangu Bujiku. Asubuhi ya kuondoka akaja jirani yetu bibi Nyanjige, mjane, ambaye husokota kamba za katani juu ya paja lake na kuziuza, akaniletea moja nene, bure, nami mbele ya watu wote nikamwambia, "Mayu, hiyo kafungie kuku, siku hizi kamba zinatoka China." Watu wakacheka. Yeye akaikunja kamba yake akasema, "Haya baba, hiyo yako itajieleza yenyewe." Akaenda zake.

Siku ya tatu tukamwona maksai mmoja chini ya korongo, ameshindwa kupanda, baba mkwe akafunga kamba yangu kiunoni ashuke, mimi na Bujiku tukashikilia juu, na hakufika hata nusu kamba ikakatika. Mzee alivunjika mkono, na meno mawili ya mbele hayakuonekana tena, na yule maksai aliposikia kishindo akapanda mwenyewe upande wa pili. Bujiku akaitazama ncha ya kamba, nyeusi, imeungua, na siku hiyo hatukuwasha hata njiti, akasema, "Kamba imeungua bila moto. Huyu ni yule bibi, si alisema itajieleza?"

Sasa Shangazi, mimi najua ule moto ulitoka wapi. Wiki moja kabla ya safari nilifunga begi kwenye pikipiki, kamba ikaning'inia ikagusa bomba la moshi, ikayeyuka sehemu ndogo tu, kama urefu wa kidole, nami badala ya kuikata nikaizungushia tepu nyeusi ya mafundi umeme, ikapendeza, halafu nikasahau. Hapana, sikusahau, niliona aibu kutokea na kamba yenye kiungo baada ya kuisifia kijiji kizima. Ilipokatika nikaibandua ile tepu haraka kabla Bujiku hajaona, ipo mpaka leo ndani ya kava la simu yangu.

Tangu siku hiyo hakuna anayenunua kamba za bibi, akipita watu wanawaita watoto ndani, na wiki iliyopita mtu asiyejulikana alipiga mawe bati lake. Jumapili hii baada ya misa baba mkwe anakwenda kwa mganga kuuliza nani aliichoma kamba, na jina litakalotoka kila mtu analijua tayari. Mke wangu Kabula anasema bibi huyo ndiye aliyempokea siku aliyozaliwa na hawezi kuwa mchawi, halafu ananitazama mno. Mimi nimenyamaza, maana utamwambiaje mkwe wako kwamba meno yake umeyang'oa wewe? Basi nijibu habari ya aina ya kamba tu, mengine yataisha yenyewe. Jina langu usilitaje.

Mwenye Begi, Ipililo

Shangazi Apolonia anajibu:

Mwenye Begi, nakusalimu kwa Kisukuma chetu, wangaluka. Umesema usichekwe. Nilipofika kwa maksai aliyepanda mwenyewe nilicheka mpaka wenzangu wa ofisini wakaja kuuliza kulikoni. Nilipofika kwenye mawe juu ya bati nikaacha kucheka, na mpaka sasa nimekasirika, kwa hiyo kaa vizuri.

Nianze na ulichouliza. Nimekulia nyuma ya ng'ombe, kamba nazijua, sikuzisoma kwenye simu. Hiyo ya parashuti haina kosa lolote. Ni nyepesi, haiozi, ukiichana ndani ina nyuzi za kushonea begi na kuvulia samaki. Itumie kufunga turubai na kuanika soksi zako. Lakini ni nyembamba, inakata viganja, haikutengenezwa kushusha wazee korongoni, na moto ikiuona inayeyuka. Manila inavuta vizuri ila fundo linateleza, na ikianikwa juani msimu mzima inakauka na kukatika kama tambi mbichi. Mipira ya tyubu ifunge mizigo, basi, maana inavutika, na mtu aliyening'inia hapendi kuvutika. Katani inashika fundo, haikuchomi kiganja ukiivuta, ila ikilowa ianike, isipoanikwa inaoza. Kwa hiyo beba mbili, nyembamba ya kufungia na nene ya kuvutia, na mtu asishushwe kwa kamba ambayo hujaipitisha yote kwenye kiganja siku hiyo hiyo. Mahali penye uvimbe, weusi au ulaini usioeleweka, kata. Kamba fupi nzima itakurudisha nyumbani, ndefu yenye ugonjwa ndiyo iliyomharibia mzee chakula cha jioni.

Tepu ya umeme, baba, ni ya umeme.

Umeridhika? Haya, sasa tuzungumze. Umeandika kurasa mbili kukiri kosa halafu ukaniomba nijibu habari za madukani. Unamdanganya nani? Kuona aibu mbele ya mkwe naelewa, hata mimi nina wakwe, kuna mambo nimewaficha na nitazikwa nayo. Lakini siri zangu hazijapiga mawe nyumba ya mjane. Wewe unajua, na mimi najua, mwanamke mzee wa upande wetu huu akishatajwa kwa mganga nini hufuata. Yataisha yenyewe, unasema. Yataishaje? Utakwenda kuchimba kaburi na kulia kwa sauti kuliko wote?

Alikuletea kamba bure. Ukamtukana mbele za watu. Kisha ukamwachia na mzigo wako. Aibu, kijana.

Sikusubiri Ijumaa. Barua yako ilipofika nilimpigia simu mtendaji wa kata, kwa hiyo bibi anaangaliwa, na mwenye kurusha mawe ajue anatafutwa. Lakini mtendaji hawezi kusema lile unalolijua wewe. Umeniomba nisitaje jina lako, na sijalitaja. La bibi nimeliacha lisomwe, maana jina lake ndilo limechafuka, nalo lisafishwe lilipochafuliwa, mbele ya watu, kama ulivyomcheka mbele ya watu. La mzee Mayunga pia nimeliacha lisomwe. Samahani, lakini niambie mwenyewe, Ipililo kuna mafundi simu wangapi ambao wakwe zao wamerudi kutoka korongoni bila meno?

Utafanya hivi. Utakwenda kwa baba mkwe leo, si kesho, Kabula akiwa pembeni yako. Utamwonyesha tepu na utasema maneno haya: "Baba, niliiunguza mimi, kwa pikipiki, nikaficha." Akikufukuza, ondoka kwa heshima, urudi kesho. Ukitoka hapo mtakwenda wote kwa bibi Nyanjige, na Bujiku awepo, na bati lililotobolewa utalibadilisha wewe kwa mikono yako. Halafu utamwomba ile kamba. Akikwambia kafungie kuku, nyamaza.

Leo ni Ijumaa mchana na mko dukani kwa Paschal. Wewe unayesoma kwa sauti, pumzika kidogo. Wengine msiondoke. Mwenye Begi, usiangalie chini, Bujiku ameshakutazama. Toa simu mfukoni, ufungue kava.