Pengo la Uwanja wa Mawe

Kwa mama mdogo Efrazia,
Lushoto.
11 Oktoba 1998

Kwako kaka yangu Sefania,

Shikamoo. Nimeitanguliza kabla ya neno lingine lolote, usije ukasema Dorkasi amepata watoto akasahau adabu. Naikumbuka sana marahaba yako, ile ya kuvuta kama mzee wa kanisa, na kumbe unanizidi miaka miwili tu. Hata ukiwa na tonge la bada la muhogo mdomoni ulikuwa huachi kuitikia.

Natumaini barua hii itakukuta salama huko Mererani, unakula vizuri na vumbi la mgodi halikusumbui kifua. Sisi huku tunaendelea. Watoto ni wazima, shemeji yako ni mzima na bado anakoroma, na kabichi zimestawi mpaka wanunuzi wanagombana wenyewe kwa wenyewe shambani. Asiye na hali nzuri ni mama. Hali chakula cha maana, hataki kurudi Mgwashi, na kila siku ya soko anashinda uwanjani hapa Lushoto. Hospitali ya Bumbuli walimpima wasione ugonjwa. Anayeweza kumtoa pale ni wewe peke yako, na nitakueleza kwa nini, ila nivumilie nianzie mwanzo.

Najua barua zangu za nyuma hukuzijibu, na sikulaumu, huenda hazikufika. Hii sikuitia posta. Nampa Hamza wa Soni, anayepeleka kabichi Arusha kwa lori. Ameahidi kufika Mererani mwenyewe na kukuulizia kwa wachimbaji mpaka akuone kwa macho yake.

Unaukumbuka Uwanja wa Mawe, pale katikati ya mji, penye nyumba za Wajerumani pande zote. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa hatuachi tukae juu ya yale mawe. Alisema babu yake alikuwa mmoja wa waliosombeshwa mawe hayo kutoka mtoni kwa viboko, na kwamba baadhi ya wenzake hawakurudi makwao, wala hakuna aliyewahi kuwataja tena. Mimi nilidhani anatutisha tu tusichafue nguo. Sasa hivi usingeutambua. Tangu biashara iachiwe huru, mitumba imelundikwa hadi kwenye ngazi za nyumba, redio zinapiga kelele kila upande, na vibanda vimepakwa rangi za soda. Mwezi wa nane kila mwaka vitu vyote huondolewa siku mbili, wanafanya tamasha la utamaduni, na wazungu wanakuja na kamera zao.

Mwaka huu afisa utamaduni alipanda mpaka Mgwashi kuiomba ile ngoma ya akina mama. Wewe mwanamume ulikuwa ukiichungulia kutoka migombani, kwa hiyo nikueleze kama mtu asiyeijua. Ngoma ile si ya kutazamwa. Tunasimama duara baada ya mavuno, mama anaita majina ya marehemu wa kijiji. Kila akiita jina, sote tunaitikia kwamba yupo, na tunamwachia nafasi ya kusimama kati yetu. Duara linakuwa na mapengo. Tukishacheza nao, mama anawaita tena mmoja mmoja na kuwaruhusu waende, na kila anayeruhusiwa, pengo lake tunaliziba kwa kusogeleana, mpaka mabega yanagusana. Hapo ndipo ngoma imekwisha. Mtu hatoki kwenye duara likiwa na pengo, hata mvua inyeshe, hata mtoto alie. Na anaitwa yule tu ambaye kaburi lake tunalijua.

Akina mama walikataa. Walisema ngoma haijawahi kutoka Mgwashi, itakwenda mjini kufanya nini? Mama ndiye aliyekubali, papo hapo, kabla afisa hajamaliza soda yake. Tulishangaa, kisha tukaanza kumtania kwamba anataka kupigwa picha akaonekane Ulaya. Hakucheka. Alikwenda kuzifua kanga zake. Kwa kuwa yeye ndiye kiongozi wa ngoma, wengine wakamfuata.

Siku yenyewe palikuwa na ukungu mwepesi asubuhi, halafu jua likatoka. Tuliingia uwanjani, watu wamejaa mpaka kwenye madirisha ya nyumba za zamani. Mama alianza kuita. Alimwita bibi, akamwita baba, akawaita waliokufa kwa surua mwaka ule. Kaka, mimi nimecheza ngoma ile tangu nilipovunja ungo, na sijawahi kusikia mwitikio mzito namna ile. Tulikuwa wanawake wachache tu, lakini sauti ilitoka chini ya miguu yetu kana kwamba mawe nayo yanaitikia. Tatu, mke wa fundi cherehani, aliyekuwa mkono wangu wa kushoto, aliniminya vidole mpaka vikauma.

Kumbe kila kikundi kilipangiwa dakika kumi na hakuna aliyetueleza. Mama alikuwa amemaliza kuita na hajamruhusu hata mmoja, kipaza sauti kikatushukuru, watu wakapiga makofi, na vijana wa sarakasi wakaingia mbio katikati ya duara letu. Mama alikwenda kumsihi afisa atuachie tumalizie. Afisa alimjibu kwa heshima kabisa kwamba wageni wameshaona ya kutosha. Tukasukumwa pembeni, kila mmoja upande wake. Tuliwaita wafu wetu mjini, tukawaacha wamesimama.

Juma lililofuata akina mama tulirudi kimyakimya kuwaruhusu wafu, na mabega yaligusana kila mahali isipokuwa mahali pamoja, kati yangu na Tatu. Tulisogeleana, tukavutana, hatukufikiana. Wengine walidhani ni mawe mabovu. Mama mdogo Efrazia, ambaye unajua anauza mitumba pale, anasema tangu siku hiyo hakuna mchuuzi anayetandika turubai mahali hapo. Hakuna aliyewakataza. Mtu akifika na furushi lake anasita, anasogea mbele kidogo. Mbwa wanapazunguka. Kila siku ya soko mama anaweka pale bada ndani ya jani la mgomba, anakaa kando, anangoja. Mchungaji alikuja kumwombea, naye akaitikia amina kwa adabu zote, akaendelea kungoja.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Jina la mwisho alilolitaja mama lilikuwa lako.

Unajua habari za mafuriko ya migodini mwezi wa nne zilitufikia kwa redio. Mama aliisikiliza mpaka betri zikaisha. Hakuna aliyetuletea jina lako, wala kusema umeonekana. Mama aliwaomba akina mama wa Mgwashi wamwache akuite kwenye ngoma, apate kukulilia kama watu wanavyowalilia wafu wao, wakakataa, kwa kuwa huna kaburi. Walimwambia aliye hai akiitwa pamoja na wafu, kivuli chake huanza kutembea bila mwenyewe, na mwenyewe huko aliko hukonda. Ndiyo maana alikubali upesi kwenda mjini. Alijua mbele ya wageni hakuna atakayethubutu kumkatiza. Alikuita, Sefania, na kabla akili yangu haijafika, mdomo wangu ulikuwa umeshaitikia na wengine kwamba upo. Nikakuachia nafasi. Na siku ile ya kuruhusu, alipofika kwenye jina lako, mama alishindwa kulitamka.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kumchukua. Ilikuwa mchana, jua kali, watu tele. Mahali pale palisimama mwanamume amenipa mgongo, amevaa koti la kahawia. Lile koti nililokuunguzia kwa pasi ya mkaa ukaninunia juma zima, naijua alama yake begani, ina ncha kama ya pasi. Niliiona. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wa pili anajikunia nao, kama ulivyokuwa ukifanya kanisani. Koti linaweza kuuzwa, najua, sote tunavaa nguo za watu. Nikamwamkia. Nilisema shikamoo kaka, kwa sauti, mpaka wauza mitumba wakageuka kunitazama mimi. Yeye hakuitikia. Nilipopangusa macho palikuwa na jani la mgomba tu. Mama aliniuliza kwa upole kama nami nimekuona leo.

Naogopa, kaka. Sitaki kukuficha.

Kama ni wewe unayeisoma barua hii, panda lori la Hamza hivyo hivyo ulivyo, usisubiri kupata jiwe wala zawadi. Uje usimame kwenye lile pengo, mama aite jina lako, uitikie wewe mwenyewe kwa kinywa chako. Hiyo tu. Halafu tutakwenda nyumbani. Na kama anayeisoma ni mwingine, mchimbaji mwenzake, nakuomba ndugu yangu usiirudishe kimya. Mwambie Hamza mahali alipolala, hata kama ni shimo lenye maji, ili mama aweze kumruhusu aende.

Mama mdogo Efrazia anakusalimu, anasema koti jingine lipo, amelificha chini ya meza. Watoto wanamsalimu mjomba wasiyemjua. Mama sikumwomba salamu, kwa sababu anasema zake unazipata kila siku ya soko.

Mimi ni mzima. Wewe sijui, na safari hii siandiki hivyo kwa sababu ndivyo barua zinavyoandikwa.

Shikamoo, kaka. Naisubiri marahaba.

Mdogo wako,
Dorkasi