Harufu ya Pakanga

Jumatatu, 6 Mei 1996

Pua yangu haisikii harufu. Nimelificha hilo tangu homa ilipoiua, nikiwa mwanafunzi Kigonsera. Nikafundisha biolojia hadi kustaafu! Aliyejua ni Albina tu, marehemu mke wangu. Yeye ndiye aliyeninusia.

Leo amekuja Padre Raimundi. Dawa za zahanati sasa ni za kununua, hivyo parokia inatengeneza kijitabu cha mimea ya tiba. Mwalimu, akasema, tuandikie pakanga, ile dawa chungu ya homa, usije ukaondoka nayo! Tukacheka. Kisha nikakohoa mpaka akaacha kucheka.

Jumatano, 8 Mei

Pakanga. Artemisia afra. Jamii ya alizeti. Kichaka cha kudumu, hufikia kimo cha mtu. Shina lina mifuo, chini ni gumu kama mti. Majani yamechanika kama unyoya; juu kijani cha kijivu, chini meupe kwa vinyweleo. Maua madogo, manjano iliyofifia, yameinamisha vichwa. Harufu —

Mkono umekataa. Najua kwa nini.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemtuma binti yangu Gaudiosa alete matawi mawili: moja la ukingo wa ngolo, shamba letu la mashimo huko mlimani, na moja la chemchemini. Karudi anahema. Baba, unanizungusha mlima mzima kwa ajili ya magugu!

Nikayalaza mezani. Siku zote nimeyaona mmea mmoja. Leo nimechukua lenzi — la chemchemini halina vinyweleo.

Nikamwambia ayafikiche, anuse. La ngolo likampigisha chafya. La chemchemini akalinusa, akalinusa tena. Haya majani tu, Baba. Akatafuna kidogo, akatema. Wala si chungu! Nani alikudanganya kwamba hii ni pakanga?

Nikasema nimechoka. Akanifunika blanketi.

Jumapili, 12 Mei

Misa imenishinda. Gaudiosa amekwenda peke yake, na maua ya kaburi la mama yake.

Homa ilipomlaza Albina, pua yake iliziba. Hakuweza kuninusia. Nikaenda kuchuma mwenyewe — chemchemini, kwa kuwa ni karibu — nikamchemshia. Gaudiosa alitaka tumbebe kwa machela hadi hospitali, Mbinga. Nikakataa. Pakanga inatosha, nikasema, mimea naijua mimi. Nani angebishana na Mwalimu?

Nasikia sauti ya Gaudiosa uani. Amekuja na Padre. Karibu Padre, anasema, mzee wako yumo ndani na magugu yake, kanikataza hata kuyatupa! Padre anacheka. Wanapangusa viatu.

Karatasi ya pakanga iko mezani. Harufu bado haijaandikwa.

Niandike hili kabla mlango haujafunguliwa. Albina alionja. Akaniuliza: Baba Gaudiosa, mbona hii si chungu? Nikamjibu kwamba homa imeharibu ulimi wake.

Akanywa yote.