Kona Yako Niliyoikata

Baba,

Nimekata kona yako. Afadhali uisikie kwangu kabla jirani yetu yeyote wa Amalemba hajakufuata huko akakuletea umbea.

Ni ile kona ya shaba kwenye paneli ya jua ya maji moto, juu ya paa la zahanati kule Matungu, uliyoilehemu mwisho kabla kifua hakijakulaza. Tangu tukuzike sijatulia. Nikifungua karakana naona kiti chako, natoka. Nyumbani nazunguka uani hadi Mama anapiga kelele, "Nafula, kaa chini, unanizungusha kichwa!" Nikikaa, mguu unacheza. Si majonzi tu, Baba. Nina hasira. Uliondoka katikati ya ubishi wetu.

Mimi nilisema maji yakiingia kushoto chini na kutokea kushoto juu, yatakimbilia njia ya mkato. Paipu za karibu zitayabugia, za mwisho zitabaki zikiungua bure. Nilitaka yatokee kulia juu, ili yapite paipu yoyote na safari iwe ileile. Ulicheka hadi ukakohoa. "Kukhu," ukaniambia, maana nimerithi jina la mama yako na hukuchoka kunifanya bibi, "maji iko na akili. Itajipanga yenyewe. Tangi iko huku, wewe unataka kuzungusha paipu bati yote?" Ukawasha moto, ukalehemu. Na kazi ilivyotoka safi, mayi! Nikanyamaza kwa sababu ya uzuri wake.

Maji hayakujipanga.

Hata viti vya matanga havijarudishwa, sista wa wodi ya wazazi akapiga simu. Paipu za mwisho zilikuwa zikichemka na kugonga kama mtu anayebisha hodi, na kwenye tangi maji vuguvugu tu. Akina mama waliotoka kujifungua wanaoga wakitetemeka. Akasema ikifika Ijumaa haijapona, paneli itashushwa, warudie kuni. Kazi yako ya mwisho ishushwe watu wa soko wakitazama? Ng'o!

Nikapanda. Nikapitisha kiganja kwenye paipu moja moja. Za kwanza baridi, za katikati zimepata joto kidogo, ya mwisho ikanichoma. Lengelenge ninalo bado. Dawa niliijua, Baba, ila dawa ilipita kwenye kona yako. Na kando yake, kwenye rangi nyeusi, alama ya kidole gumba chako. Uliigusa kabla haijakauka, wewe na haraka zako.

Nikashuka. Nikasema nimesahau kamba. Nikapanda tena, nikashuka kunywa chai ya sista ambayo sikuitaka. Nilikuwa naona nikiikata nakukata wewe, nakuzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Ndani mtoto mchanga akaanza kulia, halafu sauti ya mama yake, "Maji ni baridi, mtamuua huyu." Basi. Nikapanda na msumeno, nikakata huku nalia kwa sauti, hadi mlinzi akadhani nimeanguka.

Nikaziba tundu la kushoto, nikafungua la kulia, nikazungusha paipu bati yote, ndiyo, yote. Tukawasha pampu. Jua lilipokolea kule kugonga kulikoma. Nikapitisha kiganja tena kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, joto moja. Sista akachovya kiwiko kwenye beseni la mtoto, akaruka. "Nafula, hebu ongeza ya baridi, yamezidi!"

Nimeshinda, Baba! Nilishuka ngazi na maneno yakiwa tayari mdomoni, "Si nilikuambia?" Nikageukia pale unaposimamanga ukinishikia ngazi.

Sijui nilitegemea kuona nini. Niliegemea ukuta, nikasahau hata kuchukua vyombo vyangu.

Kona yako ninayo mfukoni, na kipande chenye kidole gumba. Mtu wa vyuma chakavu akiiona ataitamani, na atakiona cha mtema kuni.

Sasa pumzika, mbishi wangu. Nitakaa kwenye kiti chako, nimeamua. Na nakuahidi hakuna paneli itakayotoka karakana bila sisi kubishana kwanza. Maneno yako nitayasema mwenyewe, na kikohozi chako. Na siku moja moja, Baba, nitakuacha ushinde.

Kukhu wako,
Nafula